Majivu Hayana Hati ya Shamba

Kondakta alitaka mkebe uwekwe chini ya kiti, karibu na gunia la viazi la abiria wa mbele. Mama mdogo hakumjibu. Alikuwa ameupakata, umefungwa kwa leso, mikono yote miwili juu yake, na kijana yule alipomtazama usoni aliona heri achukue nauli aende zake. Hakuna aliyemwambia kwamba aliyepakatwa pale alikuwa mumewe, baba mdogo, au kile alichobakiza.

Mtu mzima akichomwa huacha majivu ya kilo mbili hadi tatu hivi. Mhudumu wa tanuri alitueleza kwa upole wa mtu aliyezoea kuulizwa: joto hufika nyuzi 800 za Selsiasi na kuendelea, kazi huchukua saa mbili tatu kutegemea mwili, na kinachosalia ni mifupa mikavu inayovunjika ovyo, ambayo husagwa kwa mashine. Ndiyo sababu majivu haya hayafanani na ya jikoni. Ni meupe, mazito, na yana punje kama mchanga wa mto. Kabla ya yote hayo alikuwa ameuliza iwapo marehemu alipandikizwa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, maana betri yake hulipuka motoni na ni lazima kitolewe mochari. Mambo kama haya hayasemwi kwenye matanga yetu, kwa hiyo nayasema hapa.

Tulikuwa tunatafuta pa kumweka. Familia ilikuwa imefanya vikao, na kila kikao kilizaa wazo jipya na ugomvi mpya. Dada yangu aliye Marekani, binti wa baba mdogo, alitaka sehemu yake aitie kwenye kidani. Shangazi, Mkatoliki asiyekosa rozari jioni hata umeme ukipotea, akasema hilo halitafanyika akiwa hai: Kanisa lake liliruhusu kuchoma maiti tangu mwaka 1963, lakini waraka wa Vatikani wa Oktoba 2016 ulikataza majivu kutawanywa, kugawanywa, kufanywa mapambo au kuwekwa sebuleni. Wengine walitaka kaburi la kawaida, dogo, lenye saruji na vigae, ili "pawe na mahali." Mama mdogo aliwasikiliza wote. Yeye ni mwalimu mstaafu. Alifundisha Jiografia miaka mingi na amezoea kuacha darasa lipige kelele mpaka lichoke. Kisha akaniambia tuingie barabarani tutazame wenyewe.

Barabara ya Thika huanzia Pangani. Ukifika hapo kutoka upande wa Makumbusho, utakuwa umepita barabara iliyoitwa Forest Road kwa miaka mingi na ambayo sasa ina jina la Profesa Wangari Maathai. Wangari alifariki Septemba 25, 2011. Alikuwa ameacha neno kwamba asizikwe katika jeneza la mbao, yeye aliyemaliza maisha yake akipanda miti, na waliobaki wakamtengenezea jeneza la mianzi, mafunjo na magugumaji. Baada ya ibada ya kitaifa katika bustani ya Uhuru mnamo Oktoba 8 alichomwa Kariokor, na majivu yake yakawekwa Kabete, kwenye taasisi ya Chuo Kikuu cha Nairobi inayobeba jina lake. Nimewahi kuwauliza watu wa rika langu Wangari yuko wapi. Kabete hutajwa na wachache. Wengi husema Karura, msitu alioupigania hadi akapigwa na kuvuja damu, au wanataja mti fulani waliopanda wakiwa shule ya msingi, ambao sasa una kivuli cha kuegesha lori.

Mbele kidogo, Ruaraka, matatu hupita kando ya kiwanda cha bia. Kenneth Matiba aliwahi kuiongoza kampuni ile kabla hajaingia siasa, akafungwa bila kushtakiwa mwaka 1990, akatoka gerezani na kiharusi, akawania urais mwaka 1992 na kushika nafasi ya pili. Baba mdogo alimpigia kura na hakuacha kutukumbusha. Matiba alikufa Aprili 15, 2018, akachomwa Lang'ata, na huyo alikuwa Mkikuyu wa Murang'a mwenye mali ya kutosha kujengewa kaburi la marumaru. Jijini wakaipa Accra Road jina lake. Makondakta bado wanaiita Accra Road, lakini hilo ni suala la muda na la rangi ya kibao.

Hao wawili ndio waliokuwa mashahidi wa baba mdogo kila alipotetea uamuzi wake. Shahidi wa tatu alikuwa Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Kianglikana, aliyemchoma mkewe Mary mwaka 2002, naye akachomwa mwaka 2005, huku waumini wakinong'ona. "Askofu alienda kwa moto," alikuwa akisema, "na sijasikia kwamba mbinguni wamemrudisha."

Sababu yake halisi, hata hivyo, haikuwa Askofu. Ilikuwa Ruiru.

Tuliposhuka Ruiru tulikodi Probox, ikiendeshwa na kijana mmoja mchangamfu ambaye aliuliza mara moja tu kilichomo mkebeni, akajibiwa, na kutoka hapo akawa anakwepa mashimo kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwa dereva wa Probox. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu takriban 240,000 katika mji huu. Ile ya 2019 ikakuta zaidi ya 490,000, ukawa mji wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Zamani hapa palikuwa pa kahawa. Watafiti wa kahawa wangali na kituo chao, na aina ya Ruiru 11, iliyoanza kugawiwa wakulima mwaka 1985, ilipeleka jina la mji huu hadi kwenye mashamba ya watu wasiowahi kuukanyaga. Sasa mibuni inang'olewa na kinachopandwa ni vigingi vya ploti, futi 50 kwa 100, na nyuma yake ghorofa.

Cucu, yaani nyanya yetu, alizikwa hapa, kwenye shamba la ekari mbili, chini ya mparachichi. Shamba likarithiwa, likagawanywa, likauzwa kipande baada ya kipande. Kipande chenye kaburi kilikaa muda mrefu bila mnunuzi, kwa kuwa watu huogopa, mwishowe kikaenda kwa bei ya kutupa. Mparachichi haupo. Kaburi lipo: liko nyuma ya jengo la vyumba vya kupangisha, kati ya ukuta na shimo la maji taka, na kamba ya nguo inapita juu yake. Mtunza nyumba alitufungulia bila maneno mengi, akaondoa ndoo iliyokuwa juu ya saruji, akaifuta saruji kwa kiganja. Baba mdogo alikuja hapa kila mwaka kung'oa nyasi, mpaka siku mlinzi mpya alipomwuliza anamtafuta nani. Alirudi nyumbani, akaketi, akamwambia mkewe: "Mimi sitaki mtu aniuze pamoja na shamba."

Kwa Mkenya wa bara, sentensi hiyo ni nzito kuliko inavyosikika. Kaburi kwetu ni hati. Ndugu wakifika mbele ya mzee wa mpaka au hakimu, yule anayeweza kuonyesha baba yake amelala wapi ameshaanza kushinda. Mwili wa wakili S.M. Otieno, aliyekufa Desemba 1986, ulikaa mochari miezi mitano huku mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager wakipambana mahakamani nani azike na wapi, hadi akazikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987. Majivu hayawezi kusimama shahidi namna hiyo. Hayana kichwa wala miguu ya kuelekezwa upande wowote, na mtu akiyazika usiku kwenye ploti ya jirani hapati ploti. Nadhani woga wetu mwingi juu ya tanuri, ukiuvua vazi la dini, ni woga huu. Kwa Mwislamu hakuna mjadala, maiti huzikwa. Lakini wazee wa kwetu waliompinga baba mdogo hawakuwa wakisoma andiko lolote. Walikuwa wakiuliza shamba litajuaje ni lenu.

Walisema pia kwamba si desturi yetu. Hapo nilitamani kuwaambia desturi yenyewe ina umri gani. Kabla ya wamisheni na serikali ya kikoloni kulazimisha makaburi, Mkikuyu wa kawaida hakuzikwa. Alipelekwa kibirira, porini, akaachiwa fisi. Kaburi lilichimbwa kwa mzee mwenye mali na wajukuu. Na bado hakuna aliyesahauliwa, kwa kuwa kumbukumbu iliwekwa mahali pengine kabisa: mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la baba wa baba yake, wa kwanza wa kike jina la mama wa baba, na kuendelea hivyo upande wa mama. Mjukuu wa baba mdogo anasoma darasa la tatu, ana jina lake lote, na ana tabia ileile ya kubishana na redio.

Halafu kuna Kamiti, ambayo haiko mbali na Ruiru. Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza hilo Februari 18, 1957 na kuzikwa pasipojulikana. Mkewe Mukami alidai mifupa yake maisha yake yote, akafariki mwaka 2023 bila kuipata. Sisemi kwamba dai lake lilikuwa dogo. Kunyimwa mwili ni ukatili wa aina yake, na ni tofauti na mtu aliyechagua moto mwenyewe. Ila sanamu ya Kimathi iliyozinduliwa jijini Februari 18, 2007, miaka 50 kamili baada ya kamba, haikungoja mifupa ipatikane. Kuyaweka mabaki ni kazi moja. Kuweka ukumbusho ni kazi nyingine. Familia yetu ilikuwa imekwama vikaoni kwa sababu ilitaka shimo moja lifanye kazi zote mbili, na nilianza kuliona hilo nikiwa nimesimama kando ya kamba ile ya nguo.

Mama mdogo yeye bado alikuwa anafikiria mti. Kila mtu sasa anafikiria mti. Kando ya barabara kuna vitalu vya miche vilivyopangwa hadi ukingoni mwa mtaro, na mwenye kitalu mmoja, mzee wa kofia ya sufu, alitusikiliza akiwa amechuchumaa. Alipoambiwa majivu ni ya nini hakushtuka. Alisema yeye hunyunyizia sukuma wiki majivu ya jikoni kuwafukuza wadudu, kidogo tu, "kwa sababu jivu jingi linachoma mche." Ya mtu yanachoma zaidi. Yamejaa kalisi, fosfati na chumvi, na ukiyamwaga yote shimoni ukapanda juu yake utaua mti uliotaka uishi kwa niaba ya marehemu. Anayetaka kufanya hivyo achukue sehemu ndogo, achanganye na udongo mwingi na samadi iliyooza, ayaweke mbali na mizizi, na angoje mvua ipite kabla ya kutarajia lolote. Mama mdogo aliandika yote haya kwenye daftari.

Kisha wakaanza kubishana kuhusu aina. Yeye alitaka mugumo, kwa heshima yake. Mzee akauliza ardhi ni ya nani. Mugumo ukikomaa huvunja ukuta na mabomba, akasema, na hakuna fundi atakayekubali kuukata. Ukiupanda kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 umempandia jirani kesi. Akatuonyesha muringa: unakua upesi, unatoa maua meupe ambayo nyuki huyapenda, kivuli chake ni kipana. Tukanunua muringa, ukasafiri nyuma ya Probox ukiwa umefungwa kwa mkanda.

Mjini Thika kuna bustani iitwayo Mugumo, na tulipita kwa sababu ya ubishi huo. Husimuliwa kwamba Mugo wa Kibiro, mtabiri wa Wakikuyu aliyewaona wageni wakija kabla hawajaja, alisema utawala wao utakwisha siku mugumo mkubwa wa Thika utakapoanguka. Wazungu, wasiotaka kuonekana wanaamini na wasiotaka kubahatisha, wakaukaza mti kwa chuma. Mwaka 1963 ukaanguka. Leo watu huja kula chakula cha mchana na kupiga picha za harusi mahali palipopewa jina la mti usiokuwapo.

Baba mdogo alifanya kazi Thika, katika kiwanda cha nguo, enzi ambazo mji huu ulijivunia viwanda vyake, na Jumapili moja moja aliwaleta wanawe Blue Posts, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1908 kati ya mito miwili, kuwanunulia soda na kuwaonyesha maporomoko ya Chania upande mmoja na ya Thika upande wa pili. Watoto walidhani ni mto mmoja uliogawanyika kwa ajili yao. Tuliketi hapo, tukaagiza chai, na mkebe ukawekwa kwenye kiti cha tatu. Mhudumu alileta vikombe vitatu. Hatukumrekebisha.

Ndugu mmoja alikuwa amependekeza majivu yamwagwe Fourteen Falls, kwa kuwa ndiyo picha ambayo kila mtu anayo akilini akisikia maji na Thika. Kwa hiyo tulichukua barabara ya Garissa, tukapita mananasi ya Del Monte yaliyojipanga hadi upeo wa macho, tukakata kuelekea Kilimambogo. Maporomoko yenyewe ni mazuri. Mto Athi hujigawa katika vijito vingi na kuanguka mita 27 hivi. Lakini Athi hubeba uchafu wa Nairobi. Povu lilikuwa limejikusanya miambani, jeupe na la kahawia, chupa za plastiki zikizunguka ndani yake, na harufu ilitufikia kabla ya maji. Vijana wa kuvusha watu kwa mashua walitukaribisha kwa ukarimu na hawakuwa na kosa lolote. Mama mdogo alisimama kidogo, akakaza leso. "Hapa si pa kumweka mtu," alisema. "Hapa panahitaji kuoshwa penyewe kwanza."

Akainua macho, mlima ukiwa umekaa mbele yetu. Ol Donyo Sabuk, ambao wenyeji wanauita Kilimambogo kwa ajili ya nyati wake, una kaburi la Sir Northrup McMillan, Mmarekani mnene mno aliyemiliki nchi nzima ya Juja. Alikufa mwaka 1925 na alitaka alale kileleni. Inasimuliwa kwamba gari la jeneza lilishindwa njiani, hivyo akazikwa ubavuni mwa mlima, na baadaye mkewe Lucie na mtumishi wao Louise Decker wakalazwa karibu naye. Magoti ya mama mdogo hayakuwa tayari kwa mlima, na nyati si watu wa kuzoeana, kwa hiyo hatukupanda. Lakini yeye, ambaye aliwapeleka wanafunzi Nairobi mara nyingi, alikumbuka kitu. Lucie alijenga pia maktaba jijini kwa jina la mumewe, ile yenye simba wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931. Mwanzoni ilikuwa ya Wazungu peke yao, na hiyo ni aibu yake. Baadaye ikafunguliwa kwa wote, na vizazi vya wanafunzi wa Nairobi vimefanyia humo mazoezi ya mitihani bila kujua huyo McMillan alikuwa nani. Kaburi lina mandhari. Maktaba ina watu.

"Wanafunzi wangu hakuna aliyewahi kuniomba nimpeleke kwenye kaburi," mama mdogo akasema, tukirudi garini.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Alimpigia simu mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ya Ruiru, ambako baba mdogo alikaa kwenye halmashauri kwa miaka mingi na kuwachosha wenzake kwa kudai risiti. Aliweka simu kwenye spika. Mwalimu mkuu aliupokea muringa kwa furaha. Benchi la mawe chini yake pia, tena kubwa. Rafu ya vitabu katika darasa la nne, yenye jina lake, vitabu vikiongezwa kila Januari kwa pesa ambazo ndugu wangetumia kwenye vigae: hilo alilirudia mara mbili kuhakikisha amesikia vizuri. Alipoulizwa kuhusu majivu alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini wazazi wakisikia, hakuna mtoto atakayekaa kwenye kivuli hicho."

Nilidhani mama mdogo ataumia. Alitikisa kichwa kama anayesahihisha jibu zuri. "Ni kweli," alisema. "Basi yeye aende, benchi libaki."

Aende wapi? Hapo Jiografia ikachukua usukani. Watu hudhani Ruiru na Thika, kwa kuwa ziko barabara moja, ziko mto mmoja. Haziko. Mto Ruiru na Ndarugu huingia Athi, unaokwenda kuitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika baharini karibu na Malindi. Chania huungana na mto Thika, Thika unaingia bwawa la Masinga, na kutoka hapo ni Tana, mpaka Garissa, mpaka Garsen, mpaka Kipini. Mvua inayonyesha kwenye mashamba ya njiani huachana hapo katikati na haikutani tena ila baharini. Upande wa Ruiru angepita Fourteen Falls, na tayari tulikuwa tumepaona. Kwa hiyo Chania.

Aliyetuonyesha mahali alikuwa mwosha magari, mbali chini ya pale watu wanapochota maji. Mama mdogo aliondoa viatu. Alisali kimyakimya, kisha akatoa kijiko cha chai mkobani, akachota kijiko kimoja na kukifunga kwenye karatasi kwa ajili ya mwanawe wa Marekani. Mwezi Desemba 2023 Vatikani ilikubali kwamba sehemu ndogo ya majivu inaweza kuhifadhiwa mahali palipokuwa na maana kwa marehemu, na alikusudia kumwambia shangazi hivyo, ingawa kidani sidhani kama kiliwazwa na Vatikani. Mengine akayamimina polepole akiwa ameinama karibu kabisa na maji, kwa sababu upepo huyarudisha usoni mwa mtu, jambo jingine ambalo ni vizuri kuambiwa mapema.

"Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere," alihesabu mabwawa kwa vidole, akivaa viatu. "Mwanamume aliyegombana na mimi miaka yote juu ya bili ya stima. Sasa atazungusha mitambo yote mitano, na tutalipia."

Dereva alicheka hadi akajiinamia kwenye usukani. Naye alicheka.

Wakati wa kurudi tulisimama upande wa Juja, kwa fundi wa mawe tuliyekuwa tumemwona asubuhi. Mawe ya Ndarugu, ya kijivu, hukatwa kwa mashine katika machimbo ya huko na ndiyo yaliyojenga nusu ya nyumba unazoziona kutoka Ruiru hadi jijini. Fundi huyu huchonga majina, hasa ya milango ya makanisa. Alisema benchi si kazi. Kazi ni maandishi, na maandishi hulipiwa kwa herufi. Mama mdogo akafungua daftari. Alikuwa ameandika mistari sita, ikianza na "Kwa kumbukumbu ya mpendwa wetu marehemu."

Fundi akaanza kuhesabu kwa ncha ya tindo. Mama mdogo alimsikiliza hadi mstari wa pili, akamsimamisha, akatoa kalamu.

"Marehemu ya nini? Anayesoma jina kwenye jiwe anajua." Akakata. "Mpendwa pia, hiyo ni siri yetu." Akakata. Vyeo vya kanisa vikaenda. Mwaka wa kuzaliwa ukabaki, wa kufa ukabaki, jina likabaki, na chini yake maneno mawili ambayo baba mdogo alikuwa akiyasema kwenye kila kikao cha halmashauri: Risiti iko?

"Hiyo alama ya kuuliza ni herufi?" akauliza.

"Ni kama herufi, Mama. Inapinda, inachukua muda."

"Hiyo iache. Na nukta hapa baada ya mwaka?"

"Nukta ni nusu bei."

"Basi ondoa nukta," alisema, akifunga daftari. "Hiyo nusu itanunua samadi."